Insha ya Sikuzani

Watu wa Mkange wananilaumu kwa ile blogu. Walaumu tu, lakini kosa langu la kweli hawalijui.

Nafundisha Kiswahili kidato cha nne. Watoto walikuwa wakiandika insha kama wanaokunywa mwarobaini, basi nikawafungulia blogu: kila mmoja aandike mambo ya kwao, mimi nisome kwanza, ndipo niiruhusu itoke. Wakachangamka. Hata Sikuzani, asiyefungua mdomo darasani, akawa anaandika kurasa tatu tatu.

Siku moja tukaambiwa ofisa elimu anakuja kesho kuiona blogu hiyo. Insha kumi na moja zilikuwa zinaningoja. Nikatazama vichwa tu, nikaziruhusu zote. Ya Sikuzani iliitwa "Niliyofundishwa na Bibi". Nikadhani mapishi.

Kumbe unyago. Nyimbo za ndani zote, na maana zake. Mimi mwenyewe nimechezwa unyago, najua yale hayasemwi mbele ya wanaume. Ningesoma mistari mitano ningeizuia. Wanawake wenzangu waliponipigia simu kunieleza, niliifuta mbio mbio bila hata kuitazama, lakini ilikwisha kuingia kwenye simu za watu, na kufika Ijumaa vijana wa kijiweni walikuwa wanaziimba nyimbo zile. Bibi yake, Bi Somoe, ndiye kungwi wetu, anayewafunda wasichana. Alijifungia ndani kwa aibu.

Baba yake Sikuzani, Mzee Msabaha, alikuja shuleni. Hakufoka.

"Mwalimu Hafidha, nilikupa mtoto asome. Umemfundisha kutuvua nguo."

Akampeleka kwa shangazi yake huko Saadani, wiki sita kabla ya mtihani wa taifa. Mtoto aliyekuwa akiongoza darasa! Roho iliniuma, nikamfuata. Nilimkuta anaanika uduvi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Twende, mtihani unakungoja."

Akatikisa kichwa. "Bibi hataki hata salamu yangu. Nitarudi kwa nani?"

"Kwani ulifikiri nini kuyaandika yale?"

"Bibi amezeeka. Niliogopa atakufa na nyimbo zile." Akaendelea kutandaza uduvi kwa viganja. "Tena sikujiamini, mwalimu. Ndiyo maana mwisho wa insha nikakuandikia: wewe ni mwanamke mwenzetu, kama haifai usiitoe. Nilipoona umeitoa, moyo ukatulia."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuisoma. Wallahi nilitaka. Alikuwa ananitazama, anangoja.

"Niliona inafaa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye uduvi wake.