Kifuniko cha Mokua

Bi. Liz aliganda mdomo wazi. Mkono wake mmoja ulikuwa hewani, kidole kimenyooka, na nyuma yake maua ya plastiki ya ofisi yake ya Nairobi yaliganda pamoja naye. Hedifoni ilinililia masikioni mara mbili, kisha ikanyamaza. Nilikuwa katikati ya sentensi, tena sentensi nzuri. Niliimalizia peke yangu, kwa sauti, mbele ya uso ule uliosimama, kwa sababu mimi sentensi yangu siiachi njiani hata kama hakuna anayeisikia. Halafu nikakitukana kipakatalishi matusi ambayo Msabato aliyebatizwa hapaswi hata kuyajua.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Barua pepe ilifika kabla chai yangu haijapoa: Mwalimu Nyasuguta, somo lako la majaribio limekatika tena, tunakupa nafasi ya tatu, nayo ndiyo ya mwisho, hakikisha mtandao ni thabiti na mahali ulipo pametulia, pasiwe na kelele yoyote. Walinipangia Jumamosi. Nikawajibu kwamba Jumamosi niko kanisani, na nitakuwa kanisani hata wakiniahidi Ikulu. Wakanirudisha nyuma hadi Ijumaa, saa nane mchana.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, kumi na minane Homa Bay na iliyobaki hapa Awendo. Nilipostaafu, wanangu waliniambia nipumzike, kana kwamba kusema ulikuwa mzigo wa kuni na sasa nimefika nyumbani naweza kuutua. Nipumzike nifanye nini? Lipo shirika linalowafundisha wageni Kiswahili kupitia mtandao. Mwanafunzi yuko kwao Korea, mwalimu yuko kwake Awendo, na wanaelewana. Mtihani wa kuandika niliupita bila jasho. Kilichobaki ni somo moja la nusu saa mbele ya Bi. Liz, ambaye hujifanya mgeni asiyejua hata kuitikia hujambo. Nikilimaliza, naingia. Likikatika mara ya tatu, jina langu linafutwa. Niliapa kwamba darasa halitanitoka mikononi kwa sababu ya mashine.

Tena sikukaa nikilia. Tangu matatizo yalipoanza nilikuwa na daftari, na humo niliandika kila kukatika: siku, saa, na nilichofanya. Nilizima nikawasha, hedifoni ikashika dakika nne. Niliifuta kwenye orodha ya bluetooth nikaiunganisha upya, dakika sita. Nilisasisha programu inayoendesha kadi ya waifai. Nilitafuta kale kasanduku kanakoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme, nikakaondolea alama yake, dakika tano. Nilihamia sebuleni nikakaa bega kwa bega na ruta. Waifai ikatulia kidogo, lakini hedifoni ikaendelea kukoroma na kukatika. Na bila hedifoni siwezi kitu, maana matrela ya miwa yanapita hapo mbele siku nzima, na kinasa sauti chake ndicho hunisaidia, hakichukui ya mbali. Ya waya ningeitumia, ila tundu lake kwenye kipakatalishi lilikufa zamani, na somo la kwenye simu shirika halilikubali.

"Achana nayo, Mama Nyangau," mume wangu Mokua aliniambia kutoka kwenye kiti chake, akiniita kwa jina la mwanetu, redio ikiwa pajani. "Imezeeka. Kama sisi tu."

"Zeeka wewe," nikamjibu.

Nilijuta papo hapo. Mokua alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya matrela kwa miaka thelathini. Walipomstaafisha mwaka jana walimpa saa ya ukutani, na tangu siku hiyo amekuwa akiitazama. Sanduku lake la vyombo alilisukuma chini ya kitanda. Watu wakimwuliza kanisani siku hizi anafanya nini, anasema, "Niko tu." Niliwahi kumkuta asubuhi amevaa ile ovaroli ya kazi, ameketi kitandani, hana pa kwenda. Niliurudisha mlango polepole, na sikumwambia kwamba nilimwona.

Mara moja tu alilivuta lile sanduku. Ilikuwa mwezi wa pili, bawaba ya kipakatalishi changu ilipovunjika na skrini ikawa inaning'inia. Alikata bati kutoka mlango wa trela kuukuu, akalikunja kingo likakikumbatia kifuniko cha skrini nyuma na mbele, akalikaza kwa skrubu kwenye bawaba. Juu kabisa akalichonga jina langu kwa ncha ya msumari, tundu baada ya tundu: MWL. NYASUGUTA. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Jioni ile alikula ugali, akaomba mwingine, akanisimulia habari za karakana mpaka nikasinzia. Kesho yake sanduku likarudi chini ya kitanda.

Jumanne, siku tatu kabla ya mtihani, nilikibeba kipakatalishi hadi kwa Sheila, ambaye hutengeneza simu na kompyuta katika kibanda karibu na soko. Nilimfundisha kidato cha pili. Insha zake zilikuwa balaa, lakini mikono yake haikuwa na mfano. Alisoma daftari langu lote akicheka.

"Madam, umeandika kama ripoti ya polisi! Sasa nijibu. Simu yako ukiiweka hapo hapo kwa meza, waifai inashika?"

"Inashika vizuri."

"Lakini kwa laptopu zinapotea zote mbili, waifai na bluetooth?"

"Zote mbili."

"Basi wacha kulaumu watu wa mtandao. Hizo mbili ni kadi moja. Waya zake zinapanda kwa hinji mpaka kwa antena, na antena ziko hapa juu ya skrini." Aligonga kwa ukucha, chuma kikalia. Akakigeuza kipakatalishi, akakikodolea macho. "Na hii bati ni ya nini?"

"Bati hili," nikamsahihisha. "Ni kifuniko."

"Ni sufuria, Madam! Umefunikia antena sufuria, halafu unauliza kwa nini hazisikii. Iko na skrubu chache tu, natoa saa hii."

"Halitoki."

"Dakika mbili tu, Madam."

"Nimesema halitoki!"

Wateja wawili waligeuka. Sheila aliiweka bisibisi mezani. Hakukasirika, alinitazama tu kwa huruma ambayo sikuiomba.

"Ilianza lini?" akauliza.

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Tarehe ya kukatika kwa kwanza ilikuwa kesho yake ya siku ile Mokua aliponikabidhi kifuniko. Ilikuwa hapo miezi yote, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mwanafunzi angeniletea kazi ya namna hiyo ningemwuliza macho yake ameyaacha wapi. Nilifunga daftari, nikamshukuru Sheila, nikaondoka na chuma changu.

Nyumbani sikusema neno. Nilibuni hila. Niliiweka ruta juu ya kigoda karibu na magoti yangu. Nilikigeuza kipakatalishi upande, nikafundisha ukuta shingo imepinda. Siku ya Alhamisi niliomba, na nina hakika Mungu alinisikia akaona kwamba jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimegombana na mashine, na shirika, na watu wanaopanga mitihani siku ya Sabato. Lakini mbele ya mzee mmoja mwenye redio pajani nilikuwa mwoga kabisa. Kitu pekee alichokitengeneza tangu atoke karakana ndicho kilichokuwa kinaniangusha, nami niliona heri nianguke.

Ijumaa saa nane kasoro tano nilikuwa mezani, mlango wa sebuleni ukiwa wazi nusu. Bi. Liz alitokea, akatabasamu lile tabasamu lake la kigeni la kuigiza. Nilimsalimu. Nilimfundisha kusema jina lake. Dakika ya tatu akaganda. Hedifoni ikalia mara mbili, ikazima. Ujumbe ukaingia kwenye simu: Tunakusubiri dakika kumi na tano, Mwalimu. Baada ya hapo tutafunga.

Niliinua macho. Kupitia mlango nilimwona Mokua kwenye kiti chake. Redio alikuwa ameizima. Alikuwa ameketi mikono magotini, mgongo wima, akizuia kikohozi kwa ngumi ili asiniharibie mtihani. Mtu mzima, ndani ya nyumba yake, anaogopa kukohoa. Nilipandwa na hasira, na safari hii nilijua ninamkasirikia nani. Mimi ndiye niliyekuwa nimemweka pale: yeye ananificha kikohozi, nami namficha ukweli.

Nilikibeba kipakatalishi, nikakiweka mbele yake.

"Imekatika tena?" akauliza.

"Imekatika. Ni chuma chako."

"Chuma changu kimefanya nini?"

"Antena ziko hapa juu, Mokua, nawe umezikunjia bati nyuma na mbele. Ndiyo maana hazisikii. Ni tangu mwezi wa pili."

Alikigeuza kile kifuniko, akapapasa kingo zake. Nilihesabu dakika kichwani, sikumharakisha.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Uongo mzuri ninao wa kutosha, lakini sikuutumia. "Niliogopa utaumia. Niliogopa hutagusa tena chombo."

Mokua alisimama. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona akisimama kwa haraka vile.

"Mimi nimenyoosha ekseli za matrela ya tani ishirini," akasema. "Trela likirudi, dereva ananiambia mbele ya watu wote: Mokua, hapa umekosea. Nafungua, narekebisha, naenda kula. Miaka thelathini! Hakuna aliyewahi kunificha kazi yangu mbovu. Ni wewe tu. Umenifanya mgonjwa, Nyasuguta."

"Nimekosa."

"Umekosa sana. Zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi."

Aliingia chumbani. Nilisikia sanduku likikwaruza sakafu. Alirudi na mkasi wa bati, koleo na miwani iliyofungwa uzi.

"Antena zinaishia wapi? Usiniambie juu. Nionyeshe kwa kidole."

Nilimwonyesha. Alipima kwa kidole gumba, akachora mstari kwa msumari. "Huku chini ndiko kunakoshikilia bawaba, sikugusi. Huku juu tunakata." Mstari ulikuwa umepita chini ya jina langu. Sote wawili tuliliona. Mkasi ulisimama.

"Kata," nikamwambia.

Alikunjua ukingo kwa koleo taratibu, akiikinga skrini kwa kipande cha kadibodi, kisha akakata. Kipande kilidondoka kimejikunja, na MWL. NYASUGUTA ndani yake. Plastiki iliyokuwa chini yake ilikuwa imekwaruzika vibaya. Mokua alipitisha tupa mara mbili pale penye makali ili nisijikate, akanisukumia kipakatalishi bila kunitazama.

"Nenda kafundishe," akasema.

Vile vijistari vya waifai vilijaa vyote hata kabla sijaketi. Nilivaa hedifoni, ikapiga mlio wa kuunganika. Bi. Liz alikuwa bado yupo, akitazama saa yake. Tulianza. Nilimfundisha salamu, nikamfundisha kuuliza mtu yuko wapi na anafanya nini, na alipojifanya hakuelewa nilimzungusha mpaka akaelewa kwa kweli, maana nilimwona akisahau kuigiza. Dakika kumi zikapita, kisha kumi na tano. Niliegemea nyuma, nikasogea kando, nikainama kuokota kalamu, sauti haikutikisika. Niliisikia damu ikinipiga mashavuni kama siku yangu ya kwanza darasani.

Ndipo kugonga kukaanza.

Kulikuwa nyuma ya jikoni, chini ya dirisha langu hasa. Chuma juu ya chuma, mapigo madogo madogo yenye mpango. Bi. Liz alikunja uso, akaacha ugeni wake.

"Mwalimu, nasikia kelele. Kuna mtu anagonga kitu hapo?"

"Yupo."

"Unajua masharti yetu. Tafadhali mwambie anyamaze, la sivyo nitalazimika kuliandika kwenye ripoti." Alikuwa ameishika kalamu tayari.

Niligeuza kichwa dirishani. Mokua alikuwa ameinamia jiwe la kunolea visu, amevaa ovaroli yake, miwani imeshuka puani, sanduku la vyombo liko wazi miguuni. Juu ya jiwe kilikuwa kile kipande cha bati, na alikuwa anakinyoosha. Kwa nini, sikujua, na sidhani alijua naye. Nilijua tu kwamba neno langu moja lingetosha. Angenyamaza mara moja, angeomba radhi kwa mkono, angelifunga sanduku akalirudisha chini ya kitanda. Na nilijua vilevile nilikuwa nimebakiza dakika sita kupata darasa nililolitaka kuliko kitu chochote mwaka huu.

"Hatanyamaza, Bi. Liz," nikasema. "Huyo ni mume wangu. Yuko kazini."

Alinitazama. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi.

"Andika unachotaka kuandika," nikaendelea, "lakini somo letu halijaisha, na hiyo ni sentensi nzuri kwa mgeni. Rudia baada yangu: yuko kazini."

Nyundo iligonga. Hedifoni haikukatika. Nikamngoja arudie.