Picha ya Orpa ya Zamani

Binti yangu Orpa alizaliwa na mdomo uliopasuka hadi puani. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilimshonea vitambaa vya kufunika uso, akavivaa miaka tisa. Sisi wakimbizi tuliishi mjini Lilongwe, mtaa wa Area 25, na watoto wa pale walimwita sungura.

Siku madaktari walipokubali kumpasua, niliweka nadhiri: akipona, nitasimama kanisani na picha yake ya zamani mkononi, nitoe ushuhuda. Ahadi ni deni, na kwa Mungu ni zaidi.

Akapona. Likabaki kovu jembamba kama uzi. Lakini kitambaa hakuvua. Miezi sita alikula nsima, ugali wa huko, kaugeukia ukuta. Nilimfokea, tena sana. Mimi hasira zangu ziko karibu.

Kisha wakimbizi tulioishi mjini tukaamriwa kurudi kambini Dzaleka. Nililia njia nzima. Orpa hakulia, maana huko tuliondoka kabla hajazaliwa, hakuna aliyemjua. Akapata rafiki, Iteka, msichana Mrundi, na siku moja nikawakuta mlangoni wanakula sahani moja, uso wa Orpa uko wazi, anacheka. Vile vitambaa nikavifanya matambara ya kupangusia cherehani.

Ningeishia hapo. Lakini nadhiri ilinikaa rohoni, nikaenda mjini kuchapisha ile picha, kubwa kama sinia. Orpa sikumuuliza.

Jumapili nikaiinua mbele ya kanisa zima. "Muone vile Mungu alifanya!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Kwenye benchi za watoto mmoja akacheka, kisha wote. Nikamtafuta Iteka kwa macho. Naye alikuwa anacheka, kaziba mdomo kwa mkono.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu ulikiponza cha mtoto wangu.

Nyumbani nikajitetea. "Orpa, ni Mungu njo tulikuwa tunashukuru."

"Ule mutoto wa kwa picha ni mi, mama. Bote balinicheka, na ni we njo ulimushika pale yulu."

Nilitamani anitukane. Akainama kwenye kikapu cha mabaki ya nguo, akachagua kipande cheusi, akaniwekea juu ya cherehani.

"Unishonee ingine."

"Mudomo yako iko muzuri sasa, mutoto wangu."

"Mama, kesho kuko masomo."

Nikakaa, nikashona. Pindo nikalipitisha mara mbili, lisifumuke upesi.