Ruta ya Pili Zizini

Jumamosi, saa nne asubuhi, Toader Cazacu alikuwa juu ya ngazi akitoboa ukuta wa chumba cha heshima ili apitishe waya. Chini alisimama Nichifor, fundi wa mtandao wa kijiji kizima, ameshika boksi lenye ruta ya intaneti. Boksi hilo lilifika Alhamisi na kibasi cha vifurushi kutoka Italia, pamoja na kahawa na sabuni ya unga, na juu yake Veta, dada yake Toader, alikuwa ameandika kwa kalamu nene: YA MAMA.

Ruta ya kwanza ilikaa humo ndani ya chumba cha heshima, juu ya kitambaa cha kufuma, chini ya picha za watakatifu. Kwetu chumba kama hicho hakilalwi. Kina kitanda, mito iliyopangwa hadi darini na mazulia ya mahari, na mlango wake hufunguliwa mtu anapokufa au padri anapokuja. Veta ndiye aliyekijenga, na nyumba nzima pamoja nacho, kwa miaka kumi na moja ya kuwageuza wazee wa watu vitandani huko Italia. Mama yao, Safta, alilala kwenye jiko la nje, ng'ambo ya kisima. Kwa muda tu, waliambiana, na muda huo sasa ulikuwa umemaliza majira matatu ya baridi. Mawimbi ya ruta yaliishia kisimani.

Mkono wa Veta ulianza kutoka kwenye simu wakati wa Kwaresima. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya dirisha la chumba cha heshima, baridi ikimtafuna, maana ndipo simu yake ilipokamata, na Veta alitaka kumrudishia unywele ulioponyoka chini ya mtandio. Mkono ukatoka hadi kiwikoni, ukaurudisha.

"Mkono wako wa baridi," mama alisema. "Huko hawakupi glavu?"

"Ninazo, mama. Zimelowa."

Baada ya hapo akawa anamchana kila siku. Mkono ulifika pale mawimbi yalipofika: dirishani ulitoka hadi begani, karibu na kisima vilitoka vidole tu, na kwenye jiko la nje, alikolala mama mwenyewe, haukutoka kabisa. Huko Italia, bibi aliyehudumiwa na Veta alilishwa supu kwa mkono wa kushoto, na hakulalamika.

Profira, mke wa Toader, aliuona mkono siku ya tatu, akauwekea beseni la viazi. "Wifi yangu, ukimaliza hivyo kuna masufuria." Kufikia Pasaka mkono huo ulikuwa unafua, unakanda mkate na kusonga ugali, na Toader kila alipomaliza kula alisema "nabusu mkono", kama mtu yeyote wa kwetu anavyomwambia aliyempikia, bila kuyatoa macho kwenye sahani. Kuubusu, hakuubusu. Ningekuwa mimi, ningemmwagia huo ugali mapajani.

Zizini, hata hivyo, mawimbi hayakufika, na ng'ombe wawili walikamuliwa na Toader mwenyewe, mgongo ukimuuma.

"Kwenye boksi pameandikwa ya mama," Nichifor alisema pale chini ya ngazi. "Waya tuupeleke jikoni kwake?"

"Peleka zizini."

"Zizi lako bati tupu, bwana, juu hadi chini. Ruta ikikaa mle, mawimbi yote yatabaki mle. Mama yako hapati hata tone."

"Mama mawimbi ya nini, anasoma magazeti? Funga zizini, Nichifor, punguza mdomo."

Nichifor akatikisa kichwa, akafunga. Aliizuia ruta ya pili isigawe namba za mtandao kwa simu, akaipa chaneli yake ya mawimbi, maana ruta mbili zikijiona zote ni wenye nyumba hugombana, na mafahali wawili hawakai zizi moja. "Hii kazi yake kupeleka tu," alieleza. "Bosi ni ile ya chumba cha heshima." Toader akaangika simu kuukuu msumarini, usawa wa kiwele.

Jioni hiyo Veta alipopiga, aliona kiwele kabla ya kuona kitu kingine.

"Toader, ile ruta nilimtumia mama."

"Dada'angu, usikasirike. Ukiwa zizini uko karibu na mama kuliko ukiwa Italia. Au nasema uongo?"

"Kuna vyumba vitano humo ndani. Mlaze karibu na ruta!"

"Na wageni walale wapi?"

"Wageni gani?"

Toader akasogeza ndoo. "Anza na huyu mwekundu."

Mkono ulikaa hewani umekunja ngumi. Lakini kiwele kilikuwa kimejaa, ng'ombe alikuwa akilia, na Veta hajapata kumwacha kiumbe na maumivu yake. Kaka yake alilijua hilo tangu utoto, na ndilo alilolitegemea. Ngumi ikafunguka.

Mama alingoja benchini siku tatu bila kuchanwa, maana mkono ulikuwa na kazi. Siku ya nne asubuhi alijikokota hadi zizini na kitana chake, akaketi kwenye kigoda kati ya ng'ombe wawili, akavua mtandio. Mkono ukaacha kukamua, ukajipangusa kwenye nyasi kavu, ukaanza kumchana. Waliongea kidogo, habari za mguu wa mama na za yule bibi wa Italia. Mama alicheka mara moja.

Toader akaingia na ndoo ya pili. "Mama, unamchelewesha," alisema kwa upole, na ni huo upole unaonitia hasira hadi leo. Akamshika kiwiko, akamtoa nje na nywele zake nusu hazijachanwa, akafunga mlango wa bati ili mawimbi yasipotee.

Mkono ulibaki umeshika kitana. Ukakichomeka kwenye ufa wa ubao, ukapapasa ubavu wa ng'ombe wa pili, ukaendelea kukamua.