Kona Nne za Sufi

"Kikivunjika kikombe kingine, mtani, nakuvunja wewe!" Bi Mwanvita alikuwa ameshika mkono wa kikombe tu; kikombe chenyewe kilibaki vipande sakafuni kwake. "Besi yako inatembea kabatini kwangu kama panya!"

"Vikombe vya Waluguru ndivyo vilivyo," alijibu Geofrey, Mnyamwezi aliyepanga chumba cha jirani na kukifanya studio. "Vikisikia muziki vinashuka mlimani kuja kucheza."

Uani watu wakaangua kicheko. Mwanvita akabana chake, maana mtani hakasirikiwi, akaingia mwenyewe kuliona hilo dude linalomvunjia vyombo.

Aliyekaa kitini na gitaa la besi mapajani alikuwa Twalibu. Twalibu yule yule wa bendi ya kiwanda! Zamani dansi likiisha alipitia kwa Mwanvita na marehemu Kondo, mumewe, akala mpaka akakomba sufuria. Tangu kiwanda kifungwe na bendi ife, alikuwa akipita pale mlangoni kofia imeinama, "Salama, dada," huyo kaenda zake. Mtaani walisema kiburi. Wengine walisema pombe. Mwanvita naye hakuwa nyuma kusema.

"Tumeshindwa," alisema Geofrey, sasa bila mzaha. "Redio mpya za Dar zinataka kanda safi. Hizi trei za mayai nilizobandika ukutani zinakamata sauti nyembamba tu. Hii nene inakimbilia kwenye kona, inajikusanya, inarudi inanguruma. Besi nitaipiga mwenyewe kwa kinanda."

Twalibu alianza kukunja waya wa gitaa taratibu, kama mtu anayekunja mkeka wa msiba.

"Mbona ghalani haikunguruma?" Mwanvita akadakia. Dansi la kiwanda lilikuwa likipigwa ghalani, na yeye, mshona magunia mchana, hakuwahi kulikosa.

"Ilinguruma," alisema Twalibu. "Tukijaribu vyombo ghala likiwa tupu, ilikuwa kama ng'ombe. Mkishajaa, inatulia."

"Watu peke yao? Na yale marobota ya sufi yaliyoletwa kwenye kona siku za dansi? Sisi tuliokosa wa kucheza nao tulikalia nini?"

Geofrey akageuka kuzitazama kona za chumba chake.

Sufi Mwanvita alikuwa nayo, stoo nzima. Aliinunua kijijini Mkuyuni akashona mito ya kuuza. Ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ikaja, magodoro ya sponji yakafurika sokoni, mito ikabaki inamtazama. Wanawe walimwambia atupe. Akakataa: watu watachoka na sponji, watarudi. Sasa ufunguo mkononi, akasita. Akamtazama Twalibu na ule waya wake; hapo hapakuwa na kiburi wala pombe.

"Mtani," akasema, "siku nikifa si utakuja matangani kunibebea vitu kwa haki ya utani? Haya, anza leo nikuone."

"Mimi nilikuwa namtaka jogoo."

Alasiri hiyo uani pakajaa: wa kuchana mito, wa kupiga chafya, wa kuja kusema tu. Wakajaza magunia, Geofrey akipiga kelele, "Msishindilie, iacheni ipumue!" Wakayapanga kila kona, kutoka sakafuni hadi darini, chumba kikabaki kama tenga. Twalibu akagusa uzi mmoja. Besi ikasema, akaushika uzi, ikanyamaza.

"Eeh!" wakasema watu.

Mwanvita akakimbia kwake kusikiliza kabati. Vikombe vilikuwa bado vinatikisika. Kumbe sufi haizuii sauti kupita ukutani! Lakini sasa alikisikia kila kidole cha Twalibu, na kabla hajatafuta tusi, miguu ilishaanza. Alicheza peke yake kati ya meza na kitanda, na machoni pake ghala zima limejaa.

Magharibi Twalibu akatoka, gitaa mgongoni, kofia imeinama. "Salama, da—"

"Salama ya nini? Vua hiyo kofia." Mwanvita alikuwa amefungua mlango wote. "Ingia ndani, magimbi yameiva. Na huyo mvunja vikombe mwite. Chai mtanywea bakuli."