Kinamasi Kilichofutwa Ramanini

Mama alikuwa anagongomea fito kwenye ramani ya mia tatu na kitu, zile za kutundikwa madarasani, ghafla nyundo ikamganda hewani.

"Wewe! Kinamasi kiko wapi?"

Mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa kiwanda chetu cha uchapaji, yaani chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ramani kuukuu tuliyopewa tuinakili ilikuwa imemwagikiwa chai upande wa kusini. Nilishinda siku nzima nikifuta madoa mpaka ikang'aa kama kipara cha Baba.

"Hapo palikuwa na chai, Mama."

"Chai? Mimi nimezaliwa ndani ya chai?"

"Basi Bibi ndiye majani."

Hakuna aliyecheka. Nikachungulia. Msitu upo, nyika ipo, milima ipo, jangwa ndilo hilo limejinyoosha. Kusini, kwao Mama, weupe mtupu. Vile vistari vya buluu nilivyovifagia pamoja na chai vilikuwa mafunjo, mitumbwi, viboko, na ukoo mzima wa wajomba zangu. Na juu ya ramani, kwa herufi kubwa: HII NDIYO NCHI YETU.

Nje, dereva alishapakia nusu ya mzigo. Shule zinafunguliwa kesho.

Baba akampigia ofisa wa elimu aliyeikagua ramani na kuitia sahihi, akamweleza kilichofutika. Akaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Leteni tu," ofisa akasema. "Kinamasi chenyewe hakitoki kwenye mtihani."

Mama, ambaye huongea hata na sufuria, aliutazama tu ule weupe.

Baba naye humwita ofisa yeyote mheshimiwa, hata aliyekosea namba. Nikajua mzigo umekwenda.

"Mheshimiwa," akasema, "mke wangu ni mtu wa huko. Mzigo hautoki."

Akakata simu. Baba! Nilibaki mdomo wazi, inzi angeweza kupanga chumba. Dereva akaanza kupakua bila kuambiwa.

Mama akavuta kiti mbele ya kompyuta, akagusa kioo kwa kidole chenye gundi.

"Chora. Mto unaingilia hapa."

Nikachora. Nilidhani ni kijibwawa cha bata. Nikavuka mkoa mmoja, nikavuka wa pili, mkono ukaanza kuuma.

"Mama, bado tu?"

"Bado. Hata kwa bibi yako hujafika."