Daraja Alilolivuka Mutunga Peke Yake

Nilitoka Kathonzweni kufuata mnada wa mbuzi Ikutha, nikafikia kwa Mutunga, mtu tuliyevunja naye mawe ya barabara tukiwa vijana. Mutunga ana ugonjwa mmoja tu, kukumbuka. Chai ikikosa sukari, anasema enzi za viongozi wa zamani ilikuwa tamu. Mbuzi akizaa mmoja, zamani walizaa mapacha, na kwa adabu. Redio iliposema serikali imenunua magari ya kivita kutoka ng'ambo, nikamuuliza tunapigana na nani. Akasema hajui, lakini zamani hata maadui walikuwa watu wa maana.

Siku ya mnada, gari moja la aina hiyo likasimama ukingoni mwa mto wa pale, ule wa mchanga mtupu. Lilikuwa linapelekwa kwenye sherehe, wananchi waione kodi yao ikitembea kwa magurudumu manane. Afande aliyelisimamia, kijana wa sauti kubwa, akauliza pa kuvukia. Watu wakamwambia azunguke na barabara kuu. Mutunga akajipenyeza mbele.

"Afande, pita hapa hapa. Chini ya huu mchanga kuna daraja la zege. Waziri wetu wa zamani alilijenga, na mimi nilikuwepo."

Kuwepo alikuwepo. Alikula nyama, akapiga makofi, waziri akaweka jiwe la msingi akaenda zake. Daraja lenyewe halikuja. Lakini Mutunga amelisifu miaka mingi mpaka kichwani mwake ameshalivuka.

Gari likaingia. Katikati likakwama, likaanza kuzama polepole, na lilikozama ni juu ya kisima cha Kathini, jirani wa Mutunga. Ni shimo alilochimba mchangani na wenzake, na upande ule hapakuwa na maji mengine. Ndama wake walikuwa hawajanywa tangu jana.

Afande akaamuru watu wavute. Kathini ndiye kiongozi wa mwethya, kikundi cha majirani wa kusaidiana kazi. Akatua mitungi yake, akamweleza kwamba mwethya hauamrishwi, unaombwa, na mwenye kazi ndiye hushika jembe wa kwanza. Afande akasema hii ni mali ya serikali, iko hapa kwa usalama wao.

"Usalama wetu ndio umeukalia," Kathini akasema. "Chimbeni kisima kingine. Maji yakitoka tutavuta."

Gari lile, walituambia, laweza kuongea na Nairobi likiwa popote. Siku hiyo liliongea sana, na Nairobi ikajibu wasubiri. Jua likapanda. Mwishowe wanajeshi wakavua makoti, wakaazima majembe, wakachimba, afande akiwa wa kwanza. Mutunga alikaa kivulini akiwafariji kwamba enzi za waziri gari kama hili lisingezama.

"Enzi za waziri wako nilichota maji hapa hapa, nikiwa msichana," Kathini akamwambia. "Shika koleo, mzee."

Akashika. Maji yakatokea, machafu kidogo. Ndama wakanywa, wanawake wakajaza mitungi, wanajeshi wakapata yaliyobaki. Ndipo kamba zikafungwa, mnada mzima ukavuta, gari likatoka likinguruma kana kwamba limeshinda vita.

Afande alikuwa ameshashika mlango apande. Kathini akamwonyesha kisima chake kilichopondwa, akamrudishia jembe.