Kamba ya Mzee Mogire

Wifi yangu Bathsheba alinihadithia haya mwaka 1973, tukichuma chai Nyacheki. Aliyaona mwenyewe kwa jirani yake Orpah, kule Magwagwa, miaka michache nyuma.

Bwana shamba alikuwa amepanda nyasi za ng'ombe kwa Orpah, vipande vidogo vya majaribio, ajue samadi ya maji inasaidia kiasi gani. Kumwaga kwa debe kulishindikana. Hapa nyasi ziliungua, pale hazikupata kitu. Bwana shamba akasema, "Mama, Alhamisi isipomwagika sawasawa, nang'oa nyasi nipeleke kwa mwingine, Marani."

Ng'ombe wa Orpah alikuwa amekonda, na mume yuko Kericho kwa kazi. Orpah hakukubali nyasi ziende.

Akatafuta mti mrefu kupita upana wa kipande. Juu akafunga pipa dogo, chini bomba la bati lenye matundu ya kumwagia samadi. Wabebe watu wawili, huyu kando hii ya kipande, yule kando ile, wakitazamana mti usiiname.

Alhamisi ilipofika, jirani Nyangate, aliyeahidi kusaidia, alinusa tu akakataa. Nyumbani alibaki Mogire, baba mkwe. Na kwetu mke wa mwana hakodoleani macho na baba mkwe. Mzee akashika mti, akageuza uso kabisa. Mti ukainama, samadi yote ikakimbilia kwa Orpah.

"Wacheni," bwana shamba akasema. "Mila yenu imewashinda."

"Haijashinda mtu," Orpah akajibu. "Baba, wewe tazama mlima wa Manga. Mimi nitazame samadi."

Nyangate akacheka, amesimama kando ya ua. "Sasa mnabeba mavi na mkwe?"

"Tunabeba. Ukichoka kucheka, jembe liko hapo."

Orpah akafunga kamba kila ncha ya mti, ya kuvaa begani. Mzee ni mrefu, akampa ndefu. Mti ukalala sawa bila jicho la mtu. Ili hatua zilingane, akaanzisha wimbo wa kanisa lake la Sabato. Mogire, ingawa Mkatoliki, akaitikia, uso ungali Manga. Miguu ikaenda pamoja.

Bwana shamba alikuwa ametega makopo katikati ya nyasi. Akachungulia moja moja. Yote yamepata sawa.

"Nyasi zibaki," akasema, akapanda baiskeli.

Jioni Mogire alisimama uani, hakukaribia mlango. "Mama, kamba inanikata bega. Kesho kuna vipande vingine."

"Nimesikia, baba."

Mzee akaenda kulala na harufu yake ya samadi. Orpah alizungushia kamba ile kitambaa, ndipo naye akalala.